Koti la Han Solo Lilikuwa la Rangi Gani?

Koti la Han Solo lilikuwa la kahawia. Koti la Han Solo ni la bluu. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, wamebishana juu ya sentensi hizi mbili kwa miaka mingi, na ukiwasikiliza vizuri unagundua kwamba nguo ni kisingizio tu. Wanagombania kitu kile kile tunachogombania sisi kila tafsiri mpya ya riwaya inapotoka: huyu aliyebeba kazi ya mwenzake anapaswa kuwa mwaminifu kwa nini hasa?

Kwa ambao hamkufuatilia, habari yenyewe ni hii. The Empire Strikes Back, sinema ya pili ya Star Wars, ilitoka mwaka 1980. Mwanzoni mwake wahusika wamejificha kwenye sayari ya barafu iitwayo Hoth. Picha za nje zilipigwa Finse, Norwei, mwaka 1979, kwenye theluji ya kweli, na za ndani zikapigwa studio za Elstree, Uingereza. Harrison Ford amevaa koti zito lenye kofia ya manyoya. Ukitazama sinema utaapa kwamba koti ni la bluu iliyokolea. Kampuni ya Kenner, iliyokuwa ikitengeneza midoli ya sinema hiyo, nayo iliapa hivyo hivyo: Han wake wa Hoth ana koti la bluu. Kumbe koti lenyewe, lilipokuja kuonekana kwenye maonyesho ya mavazi ya sinema hizo, ni la kahawia. Mwanga wa theluji, vivuli vinavyobeba ubuluu wa anga, taa za studio na namna mkanda ulivyosafishwa ndivyo vilivyolitia bluu.

Ngoja sasa niwatambulishe wabishani. Hasa Marekani na Uingereza, lakini siku hizi karibu kila mahali ambako kifurushi kinafika, wapo watu wanaonunua mdoli wa shujaa wa sinema, ule wa kiwandani wenye viungo vya kukunjika, kisha wanauweka mezani kana kwamba haujamalizika. Wanaung'oa kichwa. Wanakata, wanapiga msasa, wanaongeza nyama kwa puti, wanapaka rangi upya nukta kwa nukta. Lengo ni moja: ufanane na yule wa kwenye skrini. Huo ndio mzani wao na wanautumia bila huruma. Mdoli unafanana na skrini au haufanani, basi. Nitawaita mafundi, maana sijaona neno jingine linalobeba ustadi na ubishi kwa pamoja.

Mimi naisoma kazi yao kama uhakiki. Sisemi hivyo kwa kuwapamba. Mhakiki ni mtu aliyeitazama kazi ya mwingine kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaamua nini ndani yake kina uzito. Fundi anayetumia majuma matatu kwenye kola ya koti amefanya hivyo. Na kama ilivyo kwetu, wamo wazuri na wamo wabovu, na tofauti yao haiko kwenye wepesi wa mkono.

Kwanza tuwe na haki kwa kiwanda. Mdoli wa kawaida wa wakusanyaji leo, kama ile ya Black Series ambayo Hasbro ilianza kuitoa mwaka 2013, una kimo cha sentimita 15 hivi, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya mtu mzima. Piga hesabu. Duara la rangi katika jicho la binadamu lina upana wa milimita 12 hivi. Kwenye mdoli linabaki milimita moja. Kwa miaka mingi macho yalichapwa kwa muhuri laini wa silikoni. Muhuri ukiteleza nusu milimita, kwenye uso wa mtu wa kweli ni sawa na jicho kuhama milimita sita. Ndiyo maana shujaa wako anakukodolea kama aliyeambiwa bei ya saruji. Ongeza kwamba kila hatua ya rangi ni gharama, kwamba mwili mmoja hutumiwa kwa wahusika wengi, na kwamba kalibu huchongwa mapema, wakati mwingine sinema yenyewe haijaisha kuhaririwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Hasbro ilianza kuchapa nyuso kwa nukta ndogo ndogo za wino, kama picha ya gazeti, na macho yakatulia. Lakini kila zama zina ulemavu wake. Luke Skywalker wa mwaka 1978 alikuwa na nywele za manjano ya ndizi na upanga wa mwanga wa manjano vilevile, wakati kwenye sinema upanga ule ni wa bluu. Luke wa mwaka 1995 akaja na kifua cha kuli wa bandarini. Mark Hamill, mnamjua, hakuwahi kubeba gunia.

Fundi anaanzia hapo. Anatumbukiza kichwa kwenye maji ya moto, plastiki inalainika, kinachomoka bila kuvunja shingo. Kwenye viungo anapiga msasa kidogo kabla ya kupaka, kwa sababu rangi ina unene, na unene ukisuguana na unene kila goti linapokunjwa, rangi inabanduka na plastiki ya chini inachungulia. Anajua kwamba plastiki laini ya kichwa ina kemikali za kuilainisha ambazo hutoka polepole, na baadhi ya rangi za kopo za kupuliza zikikutana nazo hubaki zinanata miezi na miezi. Kwa hiyo anapaka akriliki, tabaka jembamba juu ya jembamba. Anajua asetoni itasafisha chapa ya zamani, na anajua pia kwamba ikidondokea plastiki ngumu ya mkono itaula. Maarifa haya huwezi kuyapata kwa kutazama sinema. Yanatoka kwenye kuharibu.

Roland Barthes, katika Mythologies ya mwaka 1957, ana insha fupi kuhusu vitu vya kuchezea. Analalamika kwamba vitu hivyo vinamfanya mtoto awe mmiliki na mtumiaji, asiwe muumbaji kamwe. Kila kitu kimeshaamuliwa. Na anaisikitikia mbao iliyoondoka, kwa sababu plastiki kwake ni kitu cha kikemia kisicho na utamu wa kugusa. Nilipoisoma tena kwa ajili ya makala hii niliwafikiria mafundi nikacheka. Hawa wameichukua plastiki ile ile anayoilaani, wakaichonga kama mpingo. Mtumiaji amegeuka muumbaji. Ila subiri: muumbaji huyu, baada ya kujikomboa, anautumia uhuru wake wote kutii picha iliyopigwa na studio kubwa. Amevunja pingu, halafu akajifunga nyingine yenye vipimo sahihi zaidi. Barthes angeshinda hapo?

Angeshinda kama skrini ingekuwa kitu kimoja. Haiko hivyo.

Mfano wangu naoupenda ni Snaggletooth. Ni kiumbe anayeonekana kwa muda mfupi tu kwenye ile baa maarufu ya sinema ya kwanza, 1977. Kenner walipewa picha yake iliyokatwa, haionyeshi mwili mzima. Wakabuni sehemu iliyokosekana: wakampa urefu wa mtu wa kawaida, suti ya bluu na buti za fedha, wakamtia kwenye seti ya baa iliyouzwa na maduka ya Sears mwaka 1978. Baadaye ikafahamika kwamba kiumbe yule ni mfupi, suti yake nyekundu, na buti hana. Wakatoa mwingine, mwekundu na mfupi. Sasa nenda kamuulize mkusanyaji yeyote ni yupi anamtaka. Yule wa bluu, aliyekosewa, ndiye anayesakwa. Wapo hata wanaomtengeneza upya kwa ukubwa wa kisasa, buti za fedha na vyote, kwa uangalifu ule ule ambao wengine wanauelekeza kwenye sinema. Uaminifu umehamia kwa kosa. Kosa limepata matini yake.

Na matini kuu nayo haitulii. Barakoa ya Darth Vader ya sinema ya kwanza ilichongwa kwa udongo na mkono wa Brian Muir, na kama kila kitu kilichochongwa kwa mkono, upande wa kushoto haulingani na wa kulia. Tena haikuwa nyeusi tupu: ilipakwa nyeusi na kijivu cha risasi, zikipokezana usoni. Ilipofika 1980 Vader akawa anang'aa mweusi kama gari la waziri. Kwa hiyo mdoli wenye uso uliolingana sawasawa, mweusi kote, unafanana na wazo letu la Vader, haufanani na Vader wa 1977. Boba Fett ana vikinga mikono vya kijani mwaka 1980, vyekundu mwaka 1983. George Lucas mwenyewe akazirudia sinema zake mwaka 1997, akaongeza na kubadili. Kwenye DVD za 2004, upanga wa Luke katika tukio la mazoezi ndani ya Millennium Falcon unaelekea kijani. Fundi anayesema ameifuata skrini, muulize: skrini ya mwaka gani?

Wahariri wa matini za kale wanalijua tatizo hili miaka nenda miaka rudi. Una miswada mitano ya utenzi mmoja, kila mnakili ana beti zake, na huwezi kuchapa "utenzi wenyewe"; unachapa uamuzi wako. Mafundi wazuri wanaliandika hilo kwenye jina la kazi yao kabisa. Hawasemi "Vader". Wanasema Vader wa tukio fulani, wa sinema fulani, na wakati mwingine wa chapa fulani ya sinema hiyo. Jina la namna hiyo kwangu ni tasnifu nzima katika mstari mmoja.

Watu wa tafsiri mtanielewa haraka zaidi. Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu yule mfanyabiashara wa Venice, iliyochapwa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja. Kichwa cha Kiswahili kina wengi, na si wafanyabiashara tena, ni mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ukimpima kwa rula amekosea mara mbili katika neno moja. Ukimsoma, amekuonyesha tamthilia imejaa nani: watu ambao kila kitu kwao, hata paundi ya nyama ya mwenzao, kina bei. Sisemi kila fundi wa midoli ni Nyerere, jamani. Nasema swali ni lile lile, na kwamba rula peke yake haijawahi kulijibu.

Turudi kwenye koti, kwa sababu hapo ndipo mbinu na fikra zinapokutana. Fundi mbovu anafanyaje? Anasimamisha sinema, anaipiga picha, anaweka kidole kwenye koti, kompyuta inamtajia rangi, anaichanganya rangi ile ile hasa, anapaka. Matokeo ni kitu kilichokufa. Ana shaka na rangi, anachanganya tena. Lakini rangi haina kosa. Rangi aliyoichukua kwenye skrini tayari ilikuwa na mwanga wa Hoth na kivuli cha Hoth ndani yake. Sasa ameiweka mezani kwake, chini ya taa ya chumba, na chumba kimeongeza mwanga wake na kivuli chake. Mdoli umeangaziwa mara mbili. Umevaa hali ya hewa ya mahali haupo.

Anayepaka kahawia anasema: nimelipaka koti, chumba kitaleta mwanga. Anayepaka bluu vizuri anafanya kazi ngumu zaidi. Anaanza na msingi wa kahawia, anaweka bluu nyembamba kama chai ya rangi kwenye mikunjo inayotazama juu, ambako anga ingegusa, na anauacha ukahawia uonekane chini ya kwapa na ndani ya kofia. Ukiutazama mdoli huo unahisi baridi. Yeye amepaka theluji, na koti limejitokeza. Kwenye koti mimi ni mtu wa bluu, na sitaki ubishi. Han yule hayuko kokote nje ya ile theluji. Koti la kahawia lililotundikwa kwenye kioo cha maonyesho ni la idara ya mavazi. La bluu ni la mhusika.

Sasa, msomaji makini ameshaona shimo ninalojichimbia. Kama rangi iliyotengenezwa na mwanga na mkanda ndiyo ya kweli kwa mhusika, basi vipi kuhusu rangi ya mtu?

Maana kahawia ina historia yake kwenye mkanda, na si ya kuchekesha. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, zilizotoka Kodak. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama tope, au ikabaki meno na macho tu, hilo halikuwa tatizo la mashine. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameliandika jambo hili kwa kina, na humo kuna kisa ambacho kila nikikikumbuka nanyamaza kidogo: miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha namna mikanda yake ilivyoonyesha kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na watengenezaji wa samani za mbao. Chokoleti chungu na chokoleti ya maziwa hazikutofautiana kwenye picha. Mninga na mpingo, tuseme. Watu walikuwa wakilalamika pia, lakini kabati lilisikika. Na mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard alipokwenda Msumbiji kwa mradi wa televisheni wa serikali changa ya huko, inasimuliwa alikataa kutumia mikanda ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo.

Miaka ile ile, Billy Dee Williams alikuwa Elstree akimwigiza Lando Calrissian.

Kwa hiyo fundi anayechukua Lando wa kiwandani na kuapa kumfananisha na skrini, anamfananisha na nini? Na uso wa Billy Dee Williams, au na uso wa Billy Dee Williams kama teknolojia ya zama zake ilivyoweza kuubeba? Kwenye koti la Han swali hili ni mchezo mzuri wa jioni. Kwenye uso wa mtu mweusi halina mchezo. Ukimnakili kutoka kwenye picha iliyosimamishwa, unarithi vivuli vilivyomeza shavu lake, na unaviita usahihi.

Kiwanda nacho kina dhambi yake hapa. Tazama midoli ya wahusika weupe: mashavu yana wekundu kidogo, midomo ina rangi yake, chini ya macho kuna kivuli. Halafu tazama midoli mingi ya wahusika weusi: kahawia moja, kutoka paji la uso mpaka kidevu, kama imemiminwa kutoka kwenye kopo. Teknolojia ya nukta za wino imesaidia, lakini nukta nyeusi juu ya msingi wa kahawia zinaonekana kwa shida kuliko juu ya msingi wa krimu, na anayepitisha kazi akiona macho yamekaa sawa anapiga muhuri.

Ndiyo maana mwaka 2018 ulikuwa mwaka muhimu kwa mafundi, hata wale wasiojali siasa. Black Panther ya Ryan Coogler ilipotoka, Hasbro ilitoa kundi la midoli ambalo ndani yake alikuwamo Nakia, yaani Lupita Nyong'o wetu, na ukikusanya vipande vilivyogawanywa kwenye maboksi mbalimbali unamuunda Okoye wa Danai Gurira. Kwa mara ya kwanza fundi akawa na meza nzima ya watu weusi ambao hakuna hata wawili wenye weusi mmoja. Na sinema yenyewe, aliyoipiga Rachel Morrison, ilikuwa imewaangazia watu hao kama watu. Kumbukeni tukio la kasino ya Busan: Okoye na nguo nyekundu, Nakia ya kijani, T'Challa nyeusi, bendera ya Waafrika wote imetembea kwa miguu. Mavazi ya Ruth Carter yalisifiwa, na tuzo ya Oscar akapata. Lakini tazama tukio lile tena ukiangalia ngozi badala ya nguo. Taa za dhahabu za kasino zinakaa juu ya bega la Nyong'o, na bega linazirudisha.

Hapo skrini ilikuwa mwalimu mzuri. Fundi aliyeifuata kwa makini alilazimika kujifunza jambo ambalo wachoraji wa watu weusi wanalijua: kwamba ngozi hiyo haipati kina kwa kuongezewa nyeusi. Ukiweka nyeusi kwenye kahawia unapata majivu. Unaanza na msingi mwekundu uliokolea, karibu na damu ya mzee. Vivulini unaweka zambarau, au bluu ya usiku, nyembamba mno. Kwenye pua na mfupa wa shavu unaweka udongo wa manjano, kisha chungwa kidogo pale mwanga unapopiga zaidi. Viganja na ndani ya midomo vina hadithi yao tofauti; kiwanda mara nyingi kinavisahau. Na mwisho kabisa kuna vanishi. Mafundi wengi hunyunyizia vanishi isiyong'aa mwili mzima, kwa sababu plastiki inayong'aa inajisema kuwa plastiki. Kwa ngozi nyeupe inafanya kazi. Kwa ngozi nyeusi inaua kila kitu, inamfanya mtu aonekane ametoka kutembea kwenye vumbi la Dodoma mwezi wa Septemba. Fundi anayejua anarudi na vanishi ya kung'aa kiasi na brashi ndogo, anagusa paji, ncha ya pua, juu ya shavu, bega. Kama mama anayempaka mtoto mafuta kabla ya kwenda kanisani, mkono haupiti kila mahali kwa uzito mmoja.

Basi ndiyo, najipinga. Kwenye koti nafuata skrini, kwenye uso wa Lando naikataa. Nimejaribu kutafuta kanuni moja itakayobeba vyote viwili nikaishia kupata kanuni mbaya. Koti halidai kitu. Likitoka bluu hakuna aliyedhulumiwa, idara ya mavazi labda. Uso ni wa mtu aliyesimama mbele ya kamera na kufanya kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilipotelea kivulini. Fundi anayeirudisha haongezi kitu ambacho Williams hakukifanya. Mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa sinema hizi, ananiambia hapo nimeacha uhakiki na kuingia kwenye ukarabati wa maadili, na kwamba nikianza hivyo nitaishia kumpaka kila mtu ninavyotaka mimi. Hofu yake ina msingi. Ila naona mipaka ipo, na imewekwa na uso wenyewe: huwezi kumpaka Lando tabasamu ambalo hakutabasamu.

Na hilo ndilo linalonirudisha kwa Kenner mara ya mwisho. Mdoli wao wa Lando wa miaka ile upo wa aina mbili. Mmoja ana meno: doa jeupe limewekwa mdomoni, anatabasamu. Mwingine hana doa hilo, kinywa kimefungwa au kimekosa tu rangi, ukipenda. Wakusanyaji wanazitaja kama tofauti za uzalishaji, na wanazipangia bei.

Lakini rudini kwenye sinema. Lando anatokea kwenye uwanja wa kutua wa Cloud City, joho limerushwa begani, anamkemea Han kwanza, kisha anamkumbatia na kucheka. Baadaye tunajua kwamba wakati ule Vader alikuwa ameshafika, muda mfupi tu kabla yao. Kwa hiyo kicheko kile ni cha mtu ambaye amekwisha kumuuza rafiki yake, na amefanya hivyo kuokoa mji mzima, na anajua chakula kimeandaliwa na nani amekaa mezani. Ukiitazama mara ya kwanza ni bashasha. Mara ya pili ukiwa unajua, meno yale ni kitu kingine kabisa, na Williams ameigiza yote mawili kwa uso mmoja.

Fundi anayefanya Lando lazima achague. Nimeona kazi moja ambapo aliyeifanya hakuweka nyeupe. Aliweka krimu iliyochanganywa na kijivu, kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope, upande mmoja tu wa mdomo. Upande mwingine umefungwa. Ukiugeuza mdoli kushoto, anakukaribisha. Ukiugeuza kulia, anaangalia kwenye korido.